Bega Lililoganda na Swali la Daktari Codman

Vitabu vya udaktari si chakula cha watu wa fasihi, lakini kipo kimoja ambacho ningependa tukiazime kwa muda kutoka kwenye kabati la madaktari. Kinaitwa The Shoulder, maana yake Bega. Kilitoka Boston mwaka 1934, na gharama za kukichapa alizibeba mwandishi mwenyewe, daktari wa upasuaji Ernest Amory Codman. Kichwa chake kidogo kinazungumzia kuchanika kwa kano moja ya bega na madhara mengine ya eneo hilo, kwa hiyo mtu anakifungua akitegemea michoro ya mifupa. Michoro ipo. Ila kabla ya kuifikia unakutana na dibaji ndefu ambayo ni tawasifu kabisa, ya mtu anayekaribia miaka 65 anayeeleza jinsi alivyogombana na mji wake, na bado anaamini mji ndio uliokosea.

Ndani ya kitabu hicho ndimo lilimozaliwa jina ambalo Kiingereza kinalitumia mpaka leo kwa maradhi fulani: bega lililoganda. Nimelifuata jina hilo mbele na nyuma kwa miezi kadhaa, na nilichokiona ni kwamba tiba ya bega hili imelifuata jina kuliko ilivyomfuata mgonjwa. Kila aliyelibatiza upya alikuja na namna yake ya kulishika. Na aliyelishika kweli, siku baada ya siku, mara nyingi hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa tiba ya mikono, ambaye kwa muda mrefu alikuwa karibu kila mara mwanamke, yule tunayemwita leo mtaalamu wa fiziotherapia.

Maradhi yenyewe kwanza. Huanza polepole, mara nyingi bila kuanguka wala kugongwa, kwa watu wa kati ya miaka 40 na 60, wanawake zaidi ya wanaume. Wajapani na Wachina wameliita bega la miaka hamsini, na wala hawakukosea sana. Maumivu huwa juu ya mkono, pembeni, na hayana adabu usiku: ukilalia upande huo unaamka. Baada ya miezi, maumivu hupungua lakini mkono unakuwa hauendi. Haupandi juu, haugeuki nje, haufiki mgongoni. Na hapa ndipo linapotofautiana na bega la mtu aliyechoka tu au aliyeumia msuli: hata mwingine akikunyanyulia mkono, hauendi. Ukipiga picha ya eksirei, mifupa inaonekana safi. Codman aliyaorodhesha haya yote, kisha akakiri kwamba hata kuyaeleza maradhi haya vizuri kulimshinda, sembuse kuyatibu. Kwa kitabu kinene namna ile, ungamo hilo lilinifurahisha.

Hakuwa wa kwanza kuyaona. Mwaka 1872 daktari wa upasuaji wa Ufaransa, Simon Duplay, aliandika makala ndefu juu ya mabega yaliyokakamaa. Kabla yake, bega gumu lilidhaniwa kuwa na ugonjwa ndani ya kiungo, kwenye mifupa. Duplay alisema hapana, kiungo kizima, tatizo liko kwenye nyama laini zinazokizunguka: zimevimba, kisha zimeshikana. Akalipa jina la uvimbe wa pembezoni mwa kiungo. Sasa, kama tatizo ni nyama zilizoshikana, tiba yake ni nini? Kuzibandua. Mgonjwa alilazwa kwa nusukaputi na mkono wake ukazungushwa kwa nguvu mpaka kule kushikana kukaachia. Jina lilikuwa limeshaamua. Tiba hiyo ingali ipo hospitalini leo, ikifanywa kwa tahadhari kubwa zaidi, na nitairudia.

Lakini bega lililobanduliwa leo hukakamaa tena kesho kama halitembezwi. Kazi hiyo ya kesho ilihitaji mikono mingine. Stockholm ilikuwa na chuo cha mazoezi ya viungo tangu 1813, kilichoanzishwa na Pehr Henrik Ling, na kutoka huko mazoezi ya tiba yalisambaa Ulaya. Ukandaji nao ulipata istilahi za Kifaransa. Mojawapo maana yake ni kukanda, kukanda kulekule kwa unga wa mandazi. Sisi tuna kitenzi kimoja kwa unga na kwa mzazi anayekandwa kwa maji ya moto, wala hatukuhitaji chuo kutuambia kwamba kazi hizo mbili zina udugu.

Kwa nini kazi hii ikawa ya wanawake, na kwa nini ikawa chini ya daktari? Kisa cha London kinaeleza mengi. Mwaka 1894 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha maonyo kuhusu nyumba za ukandaji ambazo kwa kweli zilikuwa madanguro. Wakandaji wa halali wakajikuta wanatazamwa kwa jicho la pembeni. Wanawake wanne, Lucy Robinson, Rosalind Paget, Elizabeth Manley na Margaret Palmer, wakaunda chama chao mwaka huohuo. Masharti waliyojiwekea yanasomeka kama ya watawa: hakuna kukanda bila maelekezo ya daktari, hakuna kukanda mwili mzima wa mwanaume isipokuwa daktari aombe mahususi, hakuna kujitangaza ila katika majarida ya tiba, hakuna kumuuzia mgonjwa dawa. Walinunua heshima yao kwa kumkabidhi daktari neno la mwisho. Ilikuwa bei kubwa, na sidhani walikuwa na duka jingine. Chama hicho ndicho kilichokuja kuwa chama cha wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza.

Vita ya kwanza ya dunia ikawapa kazi isiyokwisha. Askari walirudi na viungo vilivyokakamaa ndani ya plasta, na majeshi yakagundua kwamba upasuaji bila mazoezi ni nusu ya matibabu. Mary McMillan, Mmarekani aliyesomea kazi hii Uingereza, aliwafundisha wanawake wa Marekani kuanzia 1918, akawa rais wa kwanza wa chama chao mwaka 1921, na mwaka huohuo akatoa kitabu juu ya ukandaji na mazoezi ya tiba. Kwa hiyo Codman alipokuwa akiandika kuhusu bega, tayari palikuwa na jeshi zima la watu wanaojua kuushika mkono usiokwenda. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kama kuushika huko kunasaidia.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye ule ugomvi wa kwenye dibaji, maana swali lenyewe lilikuwa lake. Codman alikuwa na wazo rahisi kiasi cha kuudhi: kila mgonjwa awe na kadi, na mwaka mmoja baada ya matibabu aitwe, atazamwe, iandikwe kama amepona. Kama hajapona, iandikwe kwa nini, na kama kosa ni la daktari, liandikwe hivyohivyo. Aliliita wazo la matokeo ya mwisho. Hospitali kubwa aliyofanyia kazi, Massachusetts General, ilikuwa ikipandisha madaktari vyeo kwa ukongwe. Yeye akataka wapandishwe kwa matokeo ya wagonjwa wao. Mwaka 1914 alijiuzulu kupinga utaratibu huo. Tayari alikuwa amefungua hospitali yake ndogo mwaka 1911, na humo alifanya alichokihubiri: kati ya 1911 na 1916 waliruhusiwa wagonjwa 337, naye akachapisha makosa 123. Akayachapa! Mpaka leo sijaona hospitali inayobandika tangazo la namna hiyo mlangoni.

Januari 1915 aliitisha mkutano wa madaktari wa Boston, akamwalika hata meya, na mwishoni akafunua katuni kubwa. Ilionyesha mbuni aliyezika kichwa mchangani huku akiwarushia madaktari mayai ya dhahabu kwa mateke. Mbuni ni matajiri wa mji, na mayai ni ada zao. Wadhamini wa hospitali nao walichorwa, wakijiuliza kama mbuni ataendelea kutaga akiujua ukweli kuhusu wagonjwa wao. Watu hawakucheka. Codman alipoteza uenyekiti wa chama na nafasi yake ya kufundisha Harvard, na marafiki wakaanza kuvuka barabara. Alipofariki mwaka 1940 alizikwa katika eneo la familia ya mkewe, kwenye makaburi ya Mount Auburn, bila jiwe lenye jina lake. Jiwe liliwekwa mwaka 2014, miaka 74 baadaye, na vyama vya madaktari.

Sasa tazama mtu huyu anavyolishika bega. Hakulivunja. Alimwambia mgonjwa ainame mbele kutoka kiunoni, auache mkono uning'inie, auchezeshe taratibu kama pendulamu ya saa ya ukutani. Zoezi hili linaonekana la kitoto mpaka ulifikirie. Mtu akiinama mkono ukaning'inia, pembe kati ya mkono na kiwiliwili ni ileile ambayo angeipata akiunyanyua mkono mbele akiwa amesimama. Ameunyanyua bila kuunyanyua. Misuli ya bega, ambayo ndiyo inayopiga kelele, imepumzika, na uzito wa mkono wenyewe ndio unaofanya kazi. Kila mtu aliyewahi kupelekwa fiziotherapia kwa ajili ya bega amefundishwa zoezi hili, na jina la Codman bado linatajwa nalo vyuoni.

Jina alilolitoa lilikuwa na tabia ya zoezi hilo. Kitu kilichoganda hukivunji, unakingoja kiyeyuke. Kwa maoni yake hata mabega mabaya kabisa hupona katika muda wa miaka miwili hivi, ukitibu usitibu.

Hapa Kiswahili kina bahati ambayo Kiingereza hakina. Maji huganda yakawa barafu, na maziwa na damu navyo huganda, lakini hata ruba huganda kwenye mguu. Kwetu kitenzi kimoja kinabeba baridi na unato kwa pamoja. Waingereza walihitaji majina mawili, na majina mawili yakaleta kambi mbili. Mwaka 1945 Julius Neviaser, Mmarekani, alichapisha alichokiona alipofungua mabega ya namna hii: mfuko unaokizunguka kiungo ulikuwa mnene, umesinyaa, umemshika bega kichwa chake, na ulipobanduliwa uliachia kama plasta ya kidonda inavyobanduka kwenye ngozi. Akaliita uvimbe wa mfuko wa kiungo wenye kunata. Likawa jina rasmi la vitabuni, na kwa waliolisikia, jambo lilikuwa wazi tena: kilichonata kibanduliwe.

Jina lile lilikuwa limekosea kidogo. Kamera ndogo za kuchungulia ndani ya kiungo zilipopatikana, madaktari hawakuona mfuko ulionata kwenye mfupa. Waliona mfuko uliovimba na kujikunja. Mwaka 1995 Bunker na Anthony wa Uingereza waliutazama kwa hadubini, wakakuta chembe zinazotengeneza kovu na kulikaza, wakaufananisha na ule ugonjwa wa kiganja unaopinda vidole. Yaani si gundi wala si barafu. Ni kovu linalojitengeneza pasipo na kidonda. Na mwenye kisukari yuko hatarini zaidi. Bridgman alipowahesabu mwaka 1972, alikuta bega hili kwa karibu watu 11 katika kila 100 wenye kisukari, dhidi ya wawili hivi katika kila 100 wasio nacho.

Shangazi yangu ni wa kundi hilo, na ndiye aliyenifanya nisome haya yote. Alianza kwa kushindwa kujifunga kilemba, kisha akashindwa hata kuvaa gauni bila msaada. Akapelekwa kwa mchuaji mmoja sifa zake zimejaa mtaani. Mafuta ya karafuu, kisha mkono ukavutwa mpaka majirani wakatoka nje. "Bibi, kisipouma hakiponi," mchuaji akamwambia. Shangazi si mtu wa kulia, siku ile alilia. Wiki mbili hakulala. Alipofika kwa kijana wa fiziotherapia, kijana akamwamkia, akamuuliza usiku unaendaje, akamfundisha kuinama akishika meza. Akamwambia, "Mama, ukifika penye maumivu, simama hapo, usipite." Shangazi alirudi nyumbani amekasirika. Alisema amelipa nauli kwenda kufundishwa kutikisa mkono.

Nani alikuwa sahihi? Swali hili ndilo la Codman, na lilijibiwa kwa njia ya Codman, miaka 70 baada ya kitabu chake. Mwaka 2004 Diercks na Stevens wa Groningen, Uholanzi, walichapisha habari za wagonjwa 77. Kundi moja lilipata fiziotherapia ya nguvu: kunyooshwa, kusukumwa mpaka kwenye maumivu na kupita. Kundi jingine lilipewa kitu walichokiita, kwa mzaha wa kitabibu, kutelekezwa kwa uangalizi. Baada ya miaka miwili, asilimia 89 ya waliotelekezwa walikuwa na bega lililokaribia kuwa la kawaida. Kwa waliosukumwa ilikuwa asilimia 63.

Watu wengi waliusoma utafiti huo kama hukumu dhidi ya fiziotherapia. Mimi naona hawakufika ndani. Waliotelekezwa hawakukaa tu. Walielezwa ugonjwa wao ni nini na utaendaje, wakapewa mazoezi yasiyovuka maumivu, na miongoni mwa mazoezi hayo lilikuwemo la pendulamu. Lile jina la utelekezaji, kama majina mengine yote ya bega hili, lilificha zaidi ya lilivyoonyesha. Kilichoshindwa Groningen ni mabavu. Kilichoshinda ni fiziotherapia nyingine, ya subira, inayofanana sana na ya yule kijana. Nakubali utafiti ule ni mdogo. Na wenzao Waholanzi wakiongozwa na Vermeulen walichapisha mwaka 2006 utafiti wa wagonjwa 100 ambao walisogezwa kiungo kwa mikono ya mtaalamu, wengine kwa nguvu zaidi na wengine kidogo. Wote walipata nafuu, na waliosogezwa zaidi walikuwa mbele kidogo tu. Kwa hiyo si kwamba mkono wenye nguvu ni haramu. Wakati una maana. Bega linalowaka usiku halitaki kuvutwa, na bega lililokwisha poa likabaki gumu linaweza kustahimili mengi.

Ile imani ya Codman kwamba bega hupona lenyewe nayo imepunguzwa makali. Mwaka 1975 Reeves aliwafuatilia wagonjwa kwa miaka, akagawa safari yao katika awamu tatu, ya maumivu, ya ukakamavu na ya kuachia, kwa wastani wa miezi 30 hivi. Si miezi 30 ya mafua hiyo. Ni miaka miwili na nusu ya mtu kuchanwa nywele na mwingine. Na mwaka 1992 Shaffer na wenzake walipowaita watu 62 wastani wa miaka saba baadaye, nusu yao bado walikuwa na maumivu au ukakamavu wa kiasi fulani. Ukimwambia mama lishe au fundi rangi kwamba litapona lenyewe, inabidi umwambie pia kwamba huenda lisipone lote, na kwamba sindano ya kotikosteroidi ndani ya kiungo mapema inaweza kupunguza maumivu ya miezi ya mwanzo. Watafiti wa Kanada waliolipima hili mwaka 2003 waliona sindano pamoja na fiziotherapia ndiyo njia iliyoleta nafuu haraka kuliko nyingine, ingawa ulipofika mwaka mmoja makundi yote yalikuwa yamekaribiana. Kwa mwenye kisukari, sindano hiyo hupandisha sukari kwa siku kadhaa, na lazima aambiwe kabla. Shangazi hakutaka sindano. Alichagua meza.

Jaribio kubwa kuliko yote lilitoka mwaka 2020, katika hospitali 35 za Uingereza, watu 503. Njia tatu zilishindanishwa: kulizungusha bega kwa nusukaputi, ule ubanduaji wa Duplay, upasuaji wa kamera wa kuukata mfuko uliokaza, na fiziotherapia ya mpangilio pamoja na sindano. Wagonjwa waliulizwa hali zao mwaka mmoja baadaye, sawasawa na kadi za Codman. Hakuna njia iliyoizidi nyingine kwa kiasi cha kumfanya mgonjwa aione tofauti. Wote walipata nafuu kubwa. Upasuaji ulikuwa na hatari zaidi na bei zaidi. Kundi la fiziotherapia lilipata huduma yake upesi kuliko waliosubiri chumba cha upasuaji, lakini wengi zaidi kati yao walihitaji matibabu ya ziada baadaye. Na kwa hesabu ya fedha za serikali ya Uingereza, kulizungusha kwa nusukaputi ndiko kulikoonekana kuwa na thamani bora.

Magazeti yaliandika kwamba fiziotherapia ni sawa na upasuaji. Ukisoma taratibu za jaribio lenyewe, unakuta waliozungushwa na waliokatwa nao wote walipelekwa fiziotherapia baada ya hapo, kwa wiki kadhaa, kwa sababu hakuna daktari wa upasuaji aliyekuwa tayari kulifungua bega kisha akaliacha bila mtu wa kulitembeza. Kwa hiyo makundi yote matatu yaliinama mezani. Walitofautiana tu katika yaliyotangulia.